Karatasi ya Saba

Ghalani, 9 Januari

Mpwa wangu Mkaguzi,

Salamu nyingi, tena usizipokee kwa mkono mmoja, zitakuangusha. Natumaini u mzima, binti yako mzima, na ile mashine ya kopi hapo dukani kwenu imeacha kutafuna karatasi za watu. Mama yako, dada yangu mkubwa, mwambie habari za goti lake nimezisikia na ninazishughulikia. Kuna mzee hapa anauza mafuta. Alimpaka punda aliyelemaa, punda akasimama, akakimbia, mpaka leo wanamtafuta.

Mimi sijambo, sijambo sana. Mizani kubwa ya magunia hapa ghalani ilikuwa imeshindikana. Walikuja mafundi watatu wenye vyeti, mmoja alikuwa na miwani miwili, na wote waliondoka wameinamisha vichwa. Mimi sikufungua hata skrubu. Niliinama nikaisikiliza inavyolia, nikasema, "Springi ya kushoto imechoka." Wakafungua, ikawa hivyo. Meneja alinikumbatia mbele ya makuli wote. Hapa sasa sina jina jingine ila Gramu, na mtu akinikosea heshima makuli humwuliza, "Unajua unaongea na nani?" Haya yote kwa elimu ya darasa la nne na nusu. Ile nusu iliyobaki mwalimu alinifukuza kwa sababu nilimzidi hesabu.

Sasa soma polepole, na mlango ufunge.

Ndani ya bahasha hii kuna bahasha ndogo. Ndani yake kuna karatasi saba. Nataka uzipitishe kwenye ile mashine yenu ya kuvisha plastiki, mnayofanyia vyeti vya kuzaliwa. Nazibeba kwenye mfuko wa shati, na jasho la ghalani si mchezo. Ile ya kwanza imekunjwa mpaka mkunjo umepita juu ya neno lenyewe, neno limeanza kufutika, na neno lenyewe ndilo ninalolihitaji.

Ni vipimo vya Ukimwi. Haya, nimeliandika, na dari halijaanguka.

Usishtuke. Unakumbuka ile ajali ya mwaka juzi, mwezi wa kumi na moja, nilipokwenda kutengeneza mizani ule mji wa juu? Lori lilipinduka mbele ya macho yangu. Nililiinua kwa bega hili la kulia, dereva akatoka kwa kutambaa, damu yake ikanimwagikia kwenye mkono uliokuwa na kidonda. Tangu hapo ninapima. Kila karatasi inasema hakuna maambukizi. Lakini karatasi ni karatasi. Leo inasema hivi, kesho nani ajuaye.

Sikupigii simu kwa sababu kwenye simu najisikia nikicheka. Barua nampa dereva wa lori la ghala, hupita huko kwenu kila baada ya wiki mbili tatu. Mama watoto asijue. Ukimwambia, mimi na wewe tumeachana udugu.

Mjomba wako,
Gramu


Dukani, 2 Februari

Mjomba, shikamoo.

Sisi hatujambo. Binti yangu ameanza kuandika, anaandika ukutani tu, daftari halitaki. Mama anauliza kama yule punda alikuwa na goti moja bovu au yote manne, maana lake ni moja na haoni sababu ya kukimbia.

Mkaza mjomba anakusalimu. Tulikaa naye Jumapili tukachambua mboga. Hakulalamika, unamjua. Aliniuliza tu, "Mizani gani hiyo inatengenezwa miezi minane?" Halafu akasema mkataba wa nyumba unaisha mwisho wa Aprili, na kama atakuwa bado peke yake hatauongeza, atarudi kwao. Alisema kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Mimi ningekuwa wewe ningeiogopa sauti hiyo kuliko kelele.

Barua yako ilinikuta nakwenda kwenye miadi yangu ya Jumanne ya kwanza ya mwezi, unajua siku hiyo siwi dukani, ndiyo maana nimechelewa. Karatasi nimezivisha plastiki. Nilifunga duka kwanza, hakuna aliyeziona ila mimi. Zimetoka safi, kingo nimezizungusha kwa mkasi zisikutoboe kifua.

Nimezisoma, usinune. Unaniita Mkaguzi tangu nikiwa na miaka mitano, ukanitumia karatasi ukitegemea nifumbe macho? Mjomba, huna. Zote zinasema huna.

Jambo moja tu. Mwaka jana ulipotusimulia lilikuwa basi, si lori, na aliyebanwa alikuwa mwanafunzi.

Rudi nyumbani.

Mpwa wako


Ghalani, 15 Februari

Mkaguzi,

Salamu kwa wote, na goti pia. Leo sina salamu ndefu.

Nimehesabu. Nimehesabu juu ya meza, nimehesabu juu ya kitanda, nimekwenda mlangoni kwenye mwanga nikahesabu tena. Sita. Nilituma saba, zimerudi sita. Mimi ukinitikisia debe la mahindi nakutajia punje, usiniambie nimekosea nikihesabu hadi saba.

Inayokosekana ni ya Julai, ya ile maabara ya binafsi, karatasi laini nyembamba inayotoka kwenye kimashine kama risiti ya dukani. Kwa nini hiyo? Kwa nini isiwe nyingine yoyote? Wewe umesoma, macho yako ni ya shule. Uliona nini pale ambacho mimi sikukiona? Kuna herufi ndogo chini, nilidhani ni anwani. Kumbe si anwani?

Barua yako nzima umeandika "zimetoka safi", hukuandika "zote saba". Nimeisoma mara thelathini. Hukuandika saba.

Ngoja nikueleze hali yangu halafu ujue ni mtu wa aina gani unayemficha. Mwezi wa Agosti nilikuwa kilo sabini na moja. Leo asubuhi, sitini na nne. Najipima kila siku kwenye mizani ya magunia kabla makuli hawajaingia. Juzi mmoja aliniwahi, akanikuta nimesimama juu. "Gramu, leo tena? Kwani unauzwa?" Nikacheka, nikamwambia najaribu springi. Ulimi wangu una weupe pembeni. Nautazama kwenye kioo cha pikipiki ya mlinzi, amenizuia sasa, anasema nakichafua kwa pumzi. Shingoni kuna tezi, upande wa kushoto, nimeibonyeza mpaka imevimba kwelikweli. Nikitoka jasho, nasema ndiyo hiyo. Nisipotoka, nasema mwili umeishiwa hata maji.

Kikombe changu nimekipaka rangi nyekundu, ile iliyobaki walipopaka mlango wa ghala, ili mtu asikiguse. Kijiko nimekifunga uzi. Taulo nimelichoma. Watoto wa mlinzi wakinikimbilia nakwepa, nawaambia nina upele. Mtu mwenye kitu hiki si wa kukaa na watu, Mkaguzi. Si wa kushika watoto wa watu. Ni maiti iliyosahauliwa kuzikwa. Ndiyo maana siji nyumbani. Nije nikamletee mama watoto hii? Bora akasirike akiwa mzima.

Nirudishie karatasi yangu. Kama ina neno baya, liandike tu, mimi ni mwanamume, nimewahi kumtazama chui usoni mpaka akaona haya akageuka. Lakini usininyamazie.

Mjomba wako


Ghalani, 3 Machi

Mpwa wangu,

Lori limekwenda likarudi, dereva amekuja mikono mitupu. Nilimwuliza kama ameangalia chini ya kiti. Akasema ameangalia. Nikaenda kuangalia mwenyewe. Nimekuta ganda la ndizi.

Kwa hiyo ni kweli. Mtu hanyamazii habari njema.

Nimepima mara ya nane. Nilikwenda hospitali ile kubwa, yenye nesi mwenye sauti nzito. Aliponiona tu akaweka kalamu chini.

"Mzee, wewe tena?"

Nikamwambia aliyekuja mara ile ni pacha wangu.

"Pacha wako naye ana kovu hilo hilo kwenye kidole gumba?"

"Tulizaliwa nalo."

Hakucheka. Akanitoboa, tukasubiri. Mkaguzi, ile dakika kumi na tano wewe huijui. Mstari mmoja unatokea, halafu unasubiri kama wa pili utakuja. Nilitazama mpaka nikauona. Nikamwambia, "Ule pale, wa pili, hafifu." Akakishika kile kipimo akakisogeza dirishani. "Huo ni kivuli cha kope zako." Akasema maneno yafuatayo, nimeyashika vizuri: "Tangu siku unayoisema imepita miezi kumi na sita. Mitatu ilitosha. Damu yako imemaliza kusema, sitakutoboa tena. Unaumwa, lakini ugonjwa wako ni mwingine, nao una tiba. Nenda chumba namba nne."

Nikamwambia chumba namba nne ni cha vichaa, watu wote wanajua.

"Basi na mimi ni kichaa," akasema, "maana anayekaa pale siku za Alhamisi ni mimi."

Nikaondoka. Nilitoka na furaha, nisikudanganye. Nilitembea kama mtu aliyevuliwa mzigo. Furaha ile ilidumu kutoka getini hadi kona yenye gereji. Pale kwenye gereji nikajiuliza, je, kama alibadilisha vipimo na vya yule kijana aliyekaa kabla yangu? Nane, Mkaguzi. Nane, na zote zinaishia kwenye ile gereji. Mafundi wa pale sasa wananisalimu.

Sili. Chakula naona kinanitazama. Kazini jana nimesoma mizani vibaya mara mbili, mimi, na meneja akaangalia pembeni kwa huruma. Heri angenitukana. Nimechoka, mpwa wangu. Kukipambazuka naona uvivu wa kuendelea kuwa hai.

Niambie ilisema nini ile ya saba.

Mjomba wako


Dukani, 21 Machi

Mjomba, shikamoo.

Mama hajambo, goti limetulia lenyewe bila punda. Binti hajambo. Mkaza mjomba ameanza kufunga vyombo asivyovitumia kwenye maboksi.

Sasa sikiliza. Karatasi ya saba imo humu, ndani ya plastiki yake. Kabla hujaitazama, kaa chini.

Umekaa? Ni nyeusi. Ni nyeusi mbele na nyuma, hakuna kinachosomeka. Haikuwa nyeusi ilipofika kwangu. Karatasi za namna ile haziandikwi kwa wino, zinaandikwa kwa joto, ndiyo maana risiti ukiiacha juani inabadilika. Na mashine yetu ya plastiki ina moto kama pasi. Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa: risiti haipiti hapa. Nimewakatalia wateja kwa miaka saba. Siku ile niliisoma, imeandikwa hakuna maambukizi kama wenzake wote, na nilikuwa bado nalitazama lile neno, nawaza mambo yangu, mkono ukaiingiza. Ilipotokea upande wa pili ilikuwa kama masizi.

Nilijua nikikutumia utasema ni ishara. Nikaiweka kwenye droo nikaandika "zimetoka safi". Kosa ni langu, nalibeba lote. Ningekuandikia ukweli siku ile ungeteseka wiki moja, sasa nimekutesa mwezi mzima na zaidi.

Lakini sikunyamaza kwa ajili ya karatasi.

Barua yako ya Februari dereva aliniletea asubuhi ya Jumanne ya kwanza ya Machi, nikaenda nayo. Niliisoma nimesimama kwenye foleni. "Ni maiti iliyosahauliwa kuzikwa," umeandika. Nikaikunja. Mbele yangu alikuwepo mama mmoja ana mfuko wa vitunguu, anacheka na simu. Nyuma yangu fundi bomba, analalamika kwamba foleni haisogei na ameacha bomba la mtu limefunguliwa. Nikawatazama maiti wenzangu wote mpaka mwisho wa ukumbi.

Mjomba, foleni ile ni ya dawa. Nina virusi vya Ukimwi. Huu mwaka wa sita.

Jumanne zangu ulidhani ni za kifua, hukuwahi kuuliza. Nameza kidonge kimoja kwa siku, saa mbili, baada ya kumwogesha binti. Binti alipimwa tangu mchanga mpaka tulipoambiwa sasa basi: hana. Mimi vimepungua mpaka kipimo hakivioni. Nabeba maboksi ya karatasi mawili mawili, kijana wa duka la jirani anabeba moja. Mwanzo nililia, sitakuficha, nililia mpaka mkojo ukanitoka. Halafu kukawa na kazi ya kufanya.

Mama anajua. Mkaza mjomba anajua tangu siku ya kwanza, ndiye aliyenipeleka. Alinisubiri kwenye benchi nje, amenishikia mkoba, na nilipotoka hakuniuliza kitu, alisogea tu nikae. Huyo ndiye unayemkimbia.

Wewe hatukukuambia. Si kwamba hupendwi. Ni kwa sababu kila jambo ukipewa unalifanya hadithi, na mimi sikutaka kuwa hadithi.

Na ukija kwangu, kile kikombe cha bluu kilichovunjika mkono, unachosema chai yake ni tofauti na ya dunia nzima, ni kikombe changu. Kila siku ni changu.

Sasa zamu yako. Lori, basi, dereva, mwanafunzi. Sijui kulikuwa na nini mwaka juzi ule mji wa juu, lakini ajali haikuwepo. Siku ile ukisema kweli hata kwa mtu mmoja, huenda karatasi moja ikakutosha.

Mkataba wa nyumba ni mwisho wa Aprili. Sijamwambia chochote. Hilo ni lako.

Mpwa wako


Ghalani, 24 Aprili

Mpwa wangu,

Salamu. Nimeliandika neno hilo nikakwama. Hii ni barua ya nne, tatu nimezichana. Katika ya kwanza nilikuwa nimeanza na chui.

Nianze na aibu. Nilipofika kwenye habari ya kikombe, niliacha barua mezani nikakimbilia bombani nikasukutua mdomo. Nilisukutua na sabuni. Halafu nikakaa kwenye ndoo, nikahesabu chai zote nilizokunywa kwako kwa miaka sita. Hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo. Umeniambia jambo zito kuliko yote maishani mwako, na mimi nahesabu vikombe. Nakwambia kwa sababu ukiniona nalia mbele yako usidhani nakulilia wewe. Nitakuwa nalilia lile bomba.

Kesho yake nikaenda kupanga foleni ya kupima mara ya tisa. Barua yako mfukoni. Nesi mwenye sauti nzito akatoka kuita majina, akaniona, akaja akasimama mbele yangu.

"Nilikwambia nini?"

Nikamwuliza kama mtu anaambukizwa kwa kikombe.

"Haambukizwi kwa kikombe, wala kijiko, wala taulo, wala mkono. Kwa nini leo kikombe?"

"Mpwa wangu ana virusi. Miaka sita. Nimekunywa kwake."

"Yuko hai?"

"Ananigombeza kwa barua, kurasa tatu."

"Basi yuko hai sana," akasema. "Wewe ndiye ninayekuhofia. Leo ni Alhamisi."

Nikamfuata chumba namba nne. Kuna meza, viti viwili, na kalenda ya mwaka jana. Hamna kichaa. Nilikaa nikaanza, "Mwaka juzi lori lilipinduka," na sauti ikakatika yenyewe. Akangoja. Yule mama anajua kungoja, Mkaguzi, angekuwa fundi mizani mzuri.

Lori halikuwepo. Ule mji wa juu nilipanga chumba kwa mwanamke anayeuza chai nje ya mashine ya kusaga. Si mtu mbaya, usimwandike vibaya kichwani mwako. Alicheka hadithi zangu. Mama watoto aliacha kuzicheka zamani, anazijua zote mpaka na mwisho wake. Nilikaa naye siku mbili. Siku ya tatu nikarudi nyumbani, nikakuta mama watoto amenipigia pasi lile shati la bluu na kuning'iniza mlangoni, kwa sababu nilisema nitakuja nimechoka. Nililivaa. Tangu siku ile ninasubiri kuumwa. Kipimo cha kwanza kiliposema hakuna, sikuamini, maana niliona mtu kama mimi hawezi kupewa karatasi safi. Nikatafuta hospitali ambayo itanipa ninayostahili. Nimezunguka mara nane.

Na ninayostahili nikaipa jina la ugonjwa wako. Nikauita maiti. Sijui neno la kuomba radhi lenye uzito wa kutosha, na uzito ndiyo kazi yangu.

Usidhani nimepona. Ni wiki ya nne sasa naenda kila Alhamisi. Amenikataza kubonyeza shingo, amenikataza kioo, amenikataza kujipima kilo, na kikombe chekundu ameniambia nikipeleke kabatini kwa wenzake, makuli wakitumie. Jana kuli akakinywea uji mbele yangu. Nilitamani kumrukia. Siku ishirini na nne sijapanga foleni, na si ushujaa. Jumatatu nilifika mpaka getini. Nikashika lile geti, jasho linanitoka, moyo unaruka kama kuku aliyefungwa miguu. Yule mama alikuwa amenifundisha nisikimbie na nisiingie, nisimame tu nitazame. Basi nikasimama. Wasiwasi ukapanda, ukapanda, nikajua leo nakufa hapa getini mbele ya wauza karanga. Halafu ukaanza kushuka. Ukashuka wenyewe, sijapima kitu. Miezi kumi na saba hakuna aliyewahi kuniambia kwamba unashuka.

Jioni ulirudi. Lakini nimeshauona mgongo wake.

Zile karatasi sita nimezilaza chini ya mguu wa meza ya meneja, ilikuwa inayumba tangu nifike. Makuli wanasema ndiyo kazi bora kuliko zote nilizofanya hapa. Na ile mizani ya magunia, sasa nikwambie, springi iligunduliwa na fundi wa pili, yule wa miwani. Alikuwa na miwani moja. Ile karatasi nyeusi ninayo mfukoni. Haina neno. Mwanzo nilikuwa naitoa kila saa kuangalia kama limetokea. Siku hizi nasahau mpaka nikiinama.

Nimemuaga meneja. Lori linaondoka kesho na mimi nimo, barua hii atakupa dereva, na nitafika kabla ya mkataba kuisha. Nitakwenda kwanza kwa mama watoto, nitakaa chini, nitamwambia siku mbili zile bila dereva, bila damu, bila bega. Nesi ameniambia nisimwahidi kitu wala nisimwombe kitu kwanza, niseme tu, ninyamaze. Kunyamaza ndiko kutakakoniua. Anaweza kufunga boksi la mwisho na kwenda kwao, na atakuwa na haki. Ninaogopa, Mkaguzi. Naogopa mpaka nimeacha kuogopa lile jingine kwa saa kadhaa, na saa hizo nilikula.

Jumanne yako ya Mei usiende peke yako. Benchi nitakalia mimi. Nimekaa mabenchi ya hospitali kuliko wagonjwa wenyewe, hilo naweza kujisifu na lina mashahidi. Mkoba nitakushikia, na sitamsimulia mtu yeyote kitu.

Nikifika kwako usitafute kikombe kingine. Nitilie chai kwenye kile cha bluu. Itamwagika kwenye suruali, wewe usinitazame, fanya kama unasikiliza redio. Nitakunywa.

Mjomba wako,
ambaye hajawahi kuinua lori